Aliyeambiwa Ahame Akahama: Kisa cha Fielder na Pikapu Karibu na Free Area

Dereva wa gari dogo, Toyota Fielder, ana hoja moja, na humwambia kila anayekubali kumsikiliza: mzee wa pikapu alikuwa amekalia leni isiyo yake. Ni kweli. Mzee naye ana yake: alipotazama kioo cha kushoto, leni ya upande huo ilikuwa tupu. Hiyo pia ni kweli, na hapa chini nitaeleza kwa nini naiamini. Katikati ya kweli hizo mbili yuko mwendesha bodaboda aliyevunjika mtulinga, gari lililochunika ubavu mzima, na kikao cha familia kilichoanza kwa kelele.

Nafundisha udereva hapa Nakuru. Kisa kilinifikia kwa kuwa kijana wa Fielder alijifunza kwangu, na kwa kuwa pande zote zilitaka mtu asiye polisi wala wakili awapitishie tukio hatua kwa hatua kabla ya kuzungumza pesa. Nilitazama picha za simu, nikatazama video fupi ya kamera ya lori lililokuwa nyuma yao, nikamsikiliza kila mmoja peke yake. Majina siyataji, na mambo mawili matatu ya kuwatambulisha nimeyageuza.

Tuanze na mahali penyewe, maana kisa hiki ukikihamishia barabara nyingine hukumu yake inabadilika. Anayekuja kutoka Nairobi kwa barabara kuu ya A8 hukaa muda mrefu kwenye barabara ya leni moja kwenda na moja kurudi. Kutoka Gilgil hadi Mbaruk anafuata matrela yanayoelekea mpakani Malaba, anachungulia, anarudi, anachungulia tena. Akikaribia Lanet, nje kidogo ya Nakuru, barabara inagawanyika: leni mbili kila upande na kisiwa katikati. Hapo kila aliyekuwa amebanwa huachia pumzi, na mara nyingi huiachilia kwa mguu wa kulia. Nimeketi sana kiti cha kushoto cha gari la mafunzo nikiitazama tabia hiyo. Mwanafunzi mpole aliyetoka Gilgil bila neno, akiiona tu leni ya pili, mabega yanapanda na mshale wa kasi unapanda nayo.

Shida ni kwamba barabara inapanuka pale pale watu wanapoanza. Pipeline, Free Area, Section 58: stegi za matatu, bodaboda wakingoja abiria, wauza mahindi ya kuchoma, watoto wa shule wanaotaka kuvuka. Sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mijini na kwenye vituo vya biashara. Nje ya hapo gari dogo linaruhusiwa 110 kwenye barabara iliyogawanywa, na matatu na mabasi hayafai kuzidi 80. Dereva anayeingia kutoka nje ya mji huja na ile 110 kichwani, na hajui ni nyumba ya ngapi ilimtoa kwenye barabara kuu ikamtia mtaani.

Sasa tukio. Asubuhi ya siku ya kazi, jua limetoka, lami kavu. Pikapu imetoka upande wa Nyandarua na magunia ya viazi yaliyopangwa hadi kupita paa la kibanda cha dereva, inaelekea mjini. Mzee anasema alikuwa kwenye 50 au 55, na video inamuunga mkono. Tangu alipoingia barabara kuu alishika leni ya kulia na hakuiacha, ingawa ya kushoto ilikuwa wazi vipande virefu. Nyuma yake ikaja Fielder. Kijana alikuwa akimpeleka shangazi yake kliniki ya macho, na walikuwa wameondoka nyumbani wamechelewa. Alifika kwa kasi, akakanyaga braki, akajikuta mkiani mwa pikapu, umbali ambao kwa macho yangu kwenye video hauzidi mita kumi.

Akawasha fulu, zile taa kali za mbele. Akangoja kidogo, akawasha tena na kupiga honi. Pikapu haikutikisika. Shangazi anasema alimwambia, "Mwanangu, ngoja, kliniki haihami." Kijana akasogea kushoto kidogo ili aone mbele, akawasha fulu mara ya tatu, kisha akaingia leni ya kushoto kabisa na kukanyaga mafuta. Kwenye video indiketa ya kushoto ya pikapu inawaka karibu wakati ule ule, na magurudumu yake yanaanza kuvuka mstari. Pua ya Fielder ilikuwa imefika usawa wa gurudumu la nyuma la pikapu. Kijana akakwepa kushoto, ubavu wake wa kulia ukachunwa na kona ya bampa ya pikapu, gari likapanda ukingo wa barabara, na hapo palikuwa na bodaboda akija kinyume na magari, taratibu, akitafuta mahali pa kuvukia. Pikipiki iligongwa upande, mwenyewe akarushwa kwenye majani. Hakuwa na abiria. Hilo ndilo lililokuwa bahati katika asubuhi ile.

Walioshuhudia wanakumbuka maneno ya kwanza kuliko wanavyokumbuka mgongano. Kijana alishuka akipiga mlango: "Mzee, si nimekuwashia taa utoke?" Na mzee, akiwa bado ameshika usukani: "Na si nimetoka, kijana wangu?"

Nilipoyasikia hayo niliona sina haja ya kuutafuta mzizi wa kesi mahali pengine. Kuwasha fulu nyuma ya mtu aliye leni ya kulia ni kumwomba jambo moja: nenda kushoto. Hana kwingine pa kwenda, kulia ni kisiwa. Kijana aliomba mara tatu. Kisha, kabla jibu halijafika, akaenda mwenyewe kuikalia nafasi aliyomwomba mzee aihamie. Mzee alipotii, utii wake ndio uliokuwa hatari. Angeendelea na ukaidi wake leni ya kulia, Fielder ingepita na leo kusingekuwa na habari. Hapo ndipo ubaya wa kupita kushoto unapokaa, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema ni kosa la adabu tu, kama kuruka foleni. Unapompita mtu upande huo unaigeuza hatua sahihi aliyobakiwa nayo kuwa mtego.

Lakini kwa nini mzee hakumwona? Kijana anaamini alionwa na kupuuzwa. Mimi nadhani taa mbili za kwanza hazikufika kabisa. Kioo cha ndani cha pikapu kilikuwa kinaonyesha magunia. Vilibaki vioo viwili vya pembeni, na vioo hivyo huonyesha kilicho kando na nyuma ya kando. Gari la chini lililojibana mita kumi nyuma ya mzigo mpana, mchana, linapotea kabisa. Kadiri kijana alivyosogea ili asukume, ndivyo alivyojificha. Honi aliisikia, ila karibu na stegi honi ni nyingi na kila mtu hudhani inampigia mwingine. Taa ya tatu ndiyo aliyoiona, kwa sababu wakati huo Fielder ilikuwa imeshachomoza kushoto kuchungulia. Kwa hiyo mzee alipata ujumbe wakati ule ule kijana alipokata tamaa ya kujibiwa.

Hesabu yake ni fupi. Kwenye kilomita 55 kwa saa gari linakwenda mita 15 hivi kila sekunde. Mita kumi nyuma ya mtu ni chini ya sekunde moja. Akikanyaga braki kwa nguvu, umeingia kwenye viazi kabla braki yako haijakusaidia. Umbali wa sekunde mbili, ambao hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaufahamu, ungekuwa mita 30. Sasa mzee anatazama kioo cha kushoto: leni tupu, kwa kuwa Fielder iko mgongoni mwake. Anawasha indiketa, anashika usukani vizuri kwa sababu ya mzigo, anaanza kuhama. Hatua hizo kwa mtu wa umri wake na gari zito zinachukua sekunde tatu bila uzembe wowote. Katika sekunde tatu hizo Fielder iliyokanyagwa mafuta inaziba ile nafasi ya mita kumi na kuingia mahali ambapo kioo hakifiki. Angegeuza shingo kabla ya kuhama angeiona. Hakugeuza. Wangapi hugeuza?

Kuna jambo jingine ambalo madereva wetu hulisahau kwa sababu wamelizoea. Usukani wetu uko kulia. Anayekupita kulia anapita karibu na dirisha lako. Unamwona kwa pembe ya jicho, unasikia injini yake, kioo cha upande huo kiko karibu na uso wako. Anayekupita kushoto anapita ng'ambo ya kiti cha abiria, ng'ambo ya nguzo za mlango, kwenye kioo kilicho mbali nawe. Upande wa kushoto ndio upande wetu wa upofu, na ndio maana kanuni ikautenga upande wa kulia uwe wa kupitia.

Sheria yenyewe haimwachi yeyote. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, zinamtaka anayepita apite kulia kwa anayepitwa, isipokuwa mahali kama pale ambapo wa mbele ametoa ishara kwamba anakata kulia. Kanuni hizo hizo zinamtaka anayepitwa akae kushoto na ampishe mwenzake. Mzee alivunja nusu ya pili kwa kilomita kadhaa. Kijana alivunja nusu ya kwanza kwa sekunde tatu. Mtu akiniuliza ni lipi kubwa, kwa muda ni la mzee, na kwa hatari ni la kijana.

Waingereza, wanaoendesha kushoto kama sisi, wamekuwa na barabara kuu za magari peke yake tangu 1958 ilipofunguliwa ile ya kwanza karibu na Preston, kwa hiyo mabishano haya wameyala miaka mingi. Kanuni namba 268 ya kitabu chao cha barabara inakataza kupita kushoto au kuhamia leni ya kushoto ili upite, lakini inakubali kwamba kwenye msongamano, foleni ya kushoto inaweza kwenda mbio kidogo kuliko ya kulia na ukabaki nayo. Kupita kushoto peke yake hakujaandikwa kuwa kosa lenye jina lake. Polisi humshtaki mtu kwa kuendesha bila uangalifu akifanya hivyo ovyo. Na tangu 2013 anayeng'ang'ania leni ya kati au ya kulia bila sababu anaweza kupewa faini ya papo hapo ya pauni 100 na alama tatu kwenye leseni. Kijana alikuwa amesoma mambo hayo mahali fulani na akaniletea kama ushahidi: "Mwalimu, kule hata mzee angetozwa." Angetozwa, ndiyo. Ila kwenye barabara zile hakuna mtu anayetembea kwa miguu, hakuna stegi, hakuna mkokoteni, na hakuna pikipiki inayorudi kinyume. Leni yao ya kushoto ni leni ya magari. Yetu ni mambo mengine pia.

Niruhusiwe kukaa hapo kidogo. Kati ya Pipeline na Section 58 leni ya kushoto inafanya kazi ya barabara tatu. Ni njia ya matrela, na matrela yameilainisha lami ikafanya mifereji ambayo gari dogo likiingia, usukani unajiendesha. Ni stegi: matatu inakata kushoto bila ishara kwa sababu makanga ameona mkono umeinuliwa, na dakika hiyo hiyo inarudi barabarani na mlango wazi. Ni gereji: lori likiharibika linaachwa hapo na matawi ya miti yametandazwa nyuma yake badala ya pembetatu ya kuonya, na matawi huyaoni mpaka umeyakanyaga. Ni njia ya punda na mikokoteni. Na ukingo wake ni njia ya bodaboda wanaoepuka kwenda mbali kutafuta pa kugeukia.

Kuna na wavukaji. Mama anayesimama ukingoni akitaka kuvuka huangalia gari la karibu linalomjia. Anaiona pikapu ya viazi, anapima mwendo wake wa pole, anaona ana nafasi, anaweka mguu kwenye lami. Gari linalochomoka nyuma ya pikapu upande wa kushoto hana habari nalo, na lenyewe halina habari naye, kwa kuwa magunia yamewakinga wote wawili. Asubuhi ile hakukuwa na mama. Nikichora mchoro wa kisa hiki ubaoni humweka, kwa sababu kwenye barabara ile huwa yupo.

Mzee naye ana sababu zake za kukaa kulia, na mashimo ya leni ya kushoto, matatu na pikipiki ndizo alizonitajia. Aliongeza kwamba mzigo wa viazi ukiingia kwenye mifereji ya matrela unayumba, na kwamba mbele huko ana mahali pa kukata kulia. Hii ya mwisho niliikataa papo hapo: mahali penyewe palikuwa mbali, na mtu hashiki leni ya kulia leo kwa sababu atageuka kesho. Ile ya mashimo siwezi kuikataa. Leni ya kushoto ikiwa mbovu, kila mtu huhamia kulia, na hapo kulia panakuwa pa watu wote na neno "leni ya kupita" halina kazi. Tunachoweza kumdai mtu wa aina hii ni kidogo zaidi: atazame vioo mara kwa mara, na akiona kipande kizuri kushoto na gari nyuma yake, ampishe kisha arudi. Kwenye video kuna vipande vitatu vya namna hiyo kabla ya mgongano. Alivipita vyote.

Alinipa pia hoja ninayoisikia sana kwa watu wazima: "Mimi nilikuwa kwenye kasi ya sheria. Anayetaka kupita kwa 90 anataka kuvunja sheria, nimpishe ya nini?" Inawezekana kabisa alikuwa kwenye kasi ya sheria, pengine amezidi kidogo, kutegemea alikuwa amefika wapi. Lakini kazi ya kupima kasi ana mtu mwingine, aliyelipwa na serikali na kupewa mashine. Raia akijipa kazi hiyo kwa kuziba leni, mwenye haraka hapunguzi kasi. Anatafuta tundu, na tundu lililobaki liko kushoto. Nimewahi kumwambia mzee mwingine maneno hayo akaniambia nawatetea wahuni. Siwatetei. Nataka wapite upande unaowaona.

Kijana angefanya nini? Kurudi nyuma mita 30 kungemtoa mafichoni. Taa moja ya hapo ingeonekana kwenye kioo cha kulia, na indiketa ya kulia ikiwaka kwa utulivu humwambia wa mbele unachotaka bila kumtisha; madereva wa malori wa njia hii wanaielewa vizuri kuliko wa magari madogo. Baada ya hapo ni kungoja. Chukua kilomita tano: kwenye 55 ni dakika tano na nusu hivi, kwenye 80 ni dakika tatu na robo tatu. Alichokuwa akikipigania ni chini ya dakika mbili, na hiyo ni endapo angeweza kushika 80 mfululizo mbele ya stegi zote zile, jambo lisilowezekana asubuhi.

Wenzangu wengine hufundisha kwamba kushoto hakupitwi kamwe. Mimi hiyo kamwe siifundishi, kwa sababu mwanafunzi akitoka darasani kesho yake atakuta leni ya kulia imesimama na ya kushoto inakwenda, na atajua nimemdanganya. Akishajua hilo hatanisikiliza kwenye lile la hatari. Kuna tofauti kati ya kukaa kwenye leni yako na kuhama ili upite. Ukiwa kushoto tangu awali, na foleni ya kulia ni ya pole, endelea kwa mwendo unaozidi wao kidogo tu, mguu ukiwa tayari, ukimchukulia kila aliye kulia kuwa anaweza kukuhamia. Hilo halina ubishi. Gumu ni pale ambapo wewe uko kushoto kwenye 70, barabara wazi, na mtu mmoja yuko kulia kwenye 55. Je, ukanyage braki umfuate kimshazari? Nadharia inasema ndiyo. Mimi huwaambia punguza mpaka tofauti yenu iwe ndogo, piga honi fupi, usipite karibu na stegi, usikae ubavuni mwake hata sekunde moja zaidi ya inayohitajika, na ukishapita usimkatie mbele. Kilichofanywa na Fielder si hicho. Alitoka kulia, akaingia kushoto, akilenga kurudi kulia, akiongeza kasi wakati wote huo, baada ya kumwomba mtu mwingine atumie leni hiyo hiyo.

Swali hili litakuwa kubwa zaidi, si dogo. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, ulizinduliwa Novemba 2025, na barabara hiyo itakuwa ya kulipia. Leni mbili au zaidi kila upande zitafika mahali ambapo madereva wa huku wamezoea moja maisha yao yote, kama Gilgil na Mbaruk, na zitaendelea hadi Salgaa na mlima wa Sachang'wan wenye matrela yanayotambaa. Mtu aliyelipia barabara hatapenda kukuta viazi leni ya kulia. Natumaini kutakuwa na mabango ya kukaa kushoto, na natumaini zaidi kwamba leni ya kushoto itatengenezwa vizuri kiasi cha mtu kukubali kukaa humo.

Sasa mambo ya malipo, kwa ufupi. Ajali iliandikishwa kituoni siku hiyo hiyo. Sheria inatoa saa 24. Majeruhi alipewa fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikiwa majeraha, magari yakakaguliwa, abstrakti (muhtasari wa polisi kuhusu ajali) zikatolewa. Kijana alishtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, akakubali, akatozwa faini. Mzee alionywa kwa mdomo. Bima ya kijana ilikuwa ile ya lazima ya mtu wa tatu, chini ya Sura ya 405, ambayo humlipa aliyeumizwa. Ubavu wake uliochunika ni wake mwenyewe. Matibabu ya mtulinga yakaachiwa bima. Hapa niliwakataza watu wasiandike karatasi yoyote ya kukubali kosa, kwa kuwa mikataba mingi ya bima humzuia mwenye bima kukiri bila idhini ya kampuni, na familia hupoteza fidia kwa heshima ya kikao kimoja.

Kilichobaki mezani ni pikipiki na riziki ya siku ambazo mwenyewe hakuweza kuendesha. Mahakama zetu hugawa lawama kwa asilimia, na wazee wa kikao wakaniomba nifanye vivyo hivyo. Nilimpa kijana sabini, mzee ishirini, na mwendesha bodaboda mwenyewe kumi kwa kuja kinyume. Kijana aliona sabini ni nyingi. Mjomba wa mwendesha bodaboda aliona kumi ni matusi kwa mgonjwa, na nikamjibu kwamba mahakamani huenda ingezidi hapo. Mzee hakubishania ishirini. Alichouliza ni kama angetozwa hata moja iwapo hangehama. Nikamwambia ukweli, kwamba pengine asingetozwa hata moja. Wakapunguza kumi ya majeruhi ikawa sifuri, wakampandisha mzee hadi thelathini, akalipa akinung'unika kwamba ametozwa kwa kutii.

Baadaye alifunga kioo kirefu cha mkono upande wa kushoto, kile cha malori, kinachopita nje ya magunia. Nilimsifu kwa hilo, kisha nikamuuliza kama siku hizi anakaa leni ya kushoto. Akasema atakaa humo siku itakapotiwa lami.